Pigo la Tatu

Mtu aliyekuja kumvunja mkono Ulrich Kupka alibonyeza kengele mara moja tu, akasubiri, na alipofunguliwa alifuta viatu vyake kwenye mkeka kabla hajaulizwa jina. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, saa tisa na nusu alasiri, saa ya kahawa na keki. Renate alimfungulia akiwa bado na unga viganjani.

"Samahani, mama. Hapa ndipo kwa Bwana Kupka?"

"Ndipo. Nani anamtaka?"

"Tunafahamiana mtandaoni, kwenye lile jukwaa la kompyuta. Nilikuwa napita Gelsenkirchen, nikaona si vibaya nikimjulia hali."

Renate alifurahi. Baadaye, alipohojiwa na polisi, hilo ndilo lililomwia gumu kulisema kuliko yote: kwamba alifurahi. Kwa miaka sita mumewe alikuwa akigombana na watu wasio na sura. Alikula nao, akalala nao, akaamka nao. Huko jukwaani aliitwa Ngome, na Ngome alikuwa mtu wa kuogopwa. Hapa nyumbani alikuwa Uli tu, fundi wa mabasi aliyeharibika mgongo, akastaafishwa akiwa na miaka hamsini na moja, akahamia na mashine zake kwenye chumba kidogo alichokiacha binti yao alipoolewa. Sasa huyu hapa mmoja wa watu wale, ana sura, ana koti safi la mvua, ana begi mgongoni na masikio yaliyomwiva kwa baridi. Renate akamkaribisha, akaongeza sahani mezani.

Mama Trude, mama mzazi wa Uli, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na hakuwa na muda wa adabu. Alimpima mgeni kwa macho toka utosini hadi viatuni, akamwambia kama amekuja kuuza intaneti basi kapotea njia, nyumba hii hata televisheni imefungwa minyororo.

Hakuwa anatania sana. Uli aliichomoa televisheni ya mama yake kwenye mtandao siku aliyosoma kwamba televisheni za siku hizi huwasikiliza wenye nyumba. Alipiga marufuku kadi za punguzo za dukani. Alibandika utepe mweusi kwenye kamera ya kila simu. Na zile tamthilia ambazo watu wote wa kazini kwa Renate walizitazama kwa kulipia kila mwezi, Renate alizitazamia bafuni kwa siri, ameketi ukingoni mwa beseni, akitumia akaunti ya Dunja, mwenzake wa jikoni, na bomba akalifungua ili sauti isitoke nje.

"Uli," aliita. "Una mgeni."

Uli akatoka na soksi, miwani ameipandisha kichwani. Akamtazama yule mtu, akasema hamfahamu.

"Unanifahamu sana," mgeni akajibu. "Mimi ni Kunguru."

Jina hilo lilijulikana na nyumba nzima. Kwa miaka minne Uli alilitamka kama mtu anavyotaja ugonjwa uliomrudia. Renate aliona wekundu ukimpanda mumewe shingoni. Angeweza kumfukuza yule mtu palepale, na lifti ilikuwa bado imesimama kwenye ghorofa yao. Lakini mbishi hakimbii ubishi uliomfuata hadi mlangoni. Uli akavuta kiti, akaketi.

Kwa dakika kumi hivi walizungumza, na Renate, aliyekuwa akimimina kahawa, hakuona la kutisha. Walibishana kama walivyobishana siku zote, ila safari hii kwa midomo. Uli alisema mtu asiyejua programu zilizomo ndani ya kompyuta yake zinafanya nini ni mpangaji ndani ya kichwa chake mwenyewe. Kunguru akasema hayo ni maneno ya mtu asiye na kazi. Yeye kompyuta anataka iwake, ifanye kazi, izimike, kisha jioni atazame filamu kama binadamu wengine. Uli akasema filamu ya kukodi si yako, siku kampuni ikiamka vibaya inaichukua. Kunguru akauliza je, keki hii ukishaila itakuwa yako hadi lini? Mama Trude akacheka mpaka akakohoa. Hata Uli alibana midomo asije akacheka. Walijuana hoja zao kama mke na mume wanavyojuana kukoroma. Mmoja akianza, mwingine alikuwa ameshafika mwisho. Renate alijisemea kwamba hawa, laiti wangekutana mapema, wangekuwa marafiki.

Kisha Kunguru akaweka uma chini.

"Jina langu halisi unalijua," alisema. "Litaje."

"Sina haja nalo."

"Ulilitaja mbele ya watu elfu kumi na moja. Litaje mbele ya mkeo."

Uli akatazama sahani yake. Mgeni akamgeukia Renate, akasimulia yeye mwenyewe, polepole, bila kupandisha sauti. Anaitwa Torsten Böhnke. Alikuwa mtunza majengo wa shule moja huko Hamm, miaka kumi na minne. Siku moja aliweka jukwaani picha ya meza yake, meza tu na kompyuta. Bwana Kupka aliichukua ile picha akaikuza na kuikuza mpaka akasoma maandishi ya geti yaliyoonekana dirishani. Akaitafuta tovuti ya shule, akaiona sura yake, akaweka vyote hadharani: jina, shule, na kila neno la kijinga ambalo Kunguru alipata kuliandika akidhani hakuna anayemjua. Mengine aliyaandika amelewa. Wazazi wa wanafunzi aliwahi kuwaita kundi la kondoo.

"Niliyaandika, sikatai," Böhnke alisema. "Wiki ya pili wakanifukuza. Sasa nimekuja kwa jambo moja. Aandike palepale jukwaani kwamba alikosea. Mimi nitamaliza kahawa yangu, niondoke."

Renate alimtazama mumewe. "Ni kweli haya, Uli?"

"Aliniita mwongo," Uli akasema.

"Nimekuuliza kama ni kweli."

 Uli alikuwa akimtazama Kunguru, na Renate alikiona kile kidevu kikiinuka kidogo, kama kilivyoinuka kila mara alipokuwa karibu kubonyeza kitufe cha kutuma.

"Asiyejua kufunga mlango wake," Uli alisema, "asimlaumu aliyechungulia."

Böhnke aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ileile aliyoitarajia. Akainama kwenye begi lake. Alipoinuka alikuwa na nyundo ya seremala, na mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umekibana kifundo cha mkono wa Uli juu ya meza. Akapiga. Vidole vililia kama vijiti vibichi, na sahani iliyokuwa kando ikapasuka vipande viwili. Uli hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndani, ndefu, isiyotoka.

"Huu ndio wa kuandikia?" Böhnke aliuliza, kwa upole uleule, akapiga tena palepale. Damu ikarukia jagi la maziwa. Uli aliteleza kitini, mgongo wake mbovu ukagonga sakafu, na yule mtu akamfuata chini ya meza, amemkalia kifuani, nyundo ameiinua sawa na uso.

Renate hakukumbuka kwenda jikoni. Alikumbuka tu kwamba kifimbo cha kusukumia unga kilikuwa bado kimelowa. Pigo la kwanza lilimpata Böhnke begani. Akainuka, akageuka, akaipunga nyundo ovyo, nayo ikampasua Renate juu ya jicho. Akiwa na damu machoni Renate akapiga la pili, likatua juu ya sikio, na kifimbo kikatetemeka hadi kwenye viwiko vyake. Nyundo ikaanguka. Böhnke akapiga magoti, kisha akalala ubavu taratibu, kiganja kimoja kikiangalia juu kama cha mtu anayepokea kitu.

Hapo mambo yalikuwa yameisha. Uli alikuwa hai, anatambaa kuelekea ukutani. Mama Trude alikuwa anapiga simu. Renate alisimama juu ya yule mtu, akavuta pumzi moja, labda mbili, akamwona vizuri kabisa kwamba yuko chini na hatainuka.

Akampiga la tatu. Hilo alilipiga kwa mikono miwili.

Kabla gari la wagonjwa halijafika Uli alimvuta mkewe gauni kwa mkono uliobaki mzima. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. "Mara mbili, Reni," alimwambia. "Alikuwa amesimama na nyundo. Umenisikia? Mara mbili." Renate alikitazama kifimbo mkononi mwake kama kitu cha jirani alichosahau kukirudisha, akaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo alisema mbili. Alimwambia Sajini Aksoy, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyemhoji siku ya pili, Renate akiwa ameshonwa nyuzi sita juu ya jicho. Mama Trude yeye alisema hakuona chochote, miwani ilimwanguka, na kizee bila miwani ni sawa na ukuta. Sajini aliitazama miwani iliyokuwa juu ya pua ya bibi, akaandika alichoambiwa.

Sajini huyohuyo ndiye aliyewaeleza Böhnke aliipataje anwani yao. Miaka mitatu nyuma Uli alitia saini ombi la wananchi la kupinga kamera za ulinzi kwenye uwanja wa kituo cha treni, akaweka jina kamili, mtaa na namba ya nyumba, na orodha ya waliotia saini bado ilikuwa wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuisoma. Uli alisikiliza habari hizo kitandani hospitalini, mkono umechomwa pini kumi na moja za chuma. Swali lake la kwanza lilikuwa tovuti ile inaendeshwa kwa programu gani. Sajini alifunga daftari lake akatoka bila kuaga.

Böhnke alizinduka siku ya tisa. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza, na maneno yalikuwa yamemtawanyika kichwani. Akitaka kuomba maji aliomba meza, na akijua amekosea alilia. Hakuna aliyeweza kumuuliza alipigwa mara ngapi. Madaktari walisema fuvu lilipasuka mahali pamoja pakubwa, na kama pigo lilikuwa moja au yalikuwa mawili juu ya mahali hapohapo, wao hawawezi kuapa.

Renate alirudi kazini baada ya wiki tatu. Alipika katika nyumba ya wazee, watu tisini kila siku. Alijua la tatu liko wapi. Lilikuwa mikononi mwake. Kila alipoinua mwiko mkubwa wa kuponda viazi alilihisi likipanda kutoka kwenye viwiko, tamu na zito, na hilo neno tamu ndilo hakumwambia mtu.

Ilikuwa mwezi wa tano Dunja alipomvuta pembeni, nyuma ya majokofu.

"Reni, usinikasirikie mimi. Naomba uone mwenyewe kabla hawajakuonyesha wengine."

Akampa simu. Renate hakuwahi kulifungua lile jukwaa. Aliliona jina la Ngome, na chini yake maandishi yasiyo na herufi kubwa hata moja, ya mtu anayechapa kwa mkono wa kushoto. Yalieleza yote: keki, kahawa, nyundo. Kisha: *mke wangu alimpiga mara tatu. la tatu akiwa chini kabisa. hakupepesa jicho. mnaosema nimebuni mje muulize.*

Majibu yalikuwa zaidi ya mia sita. Kuna waliomwita shujaa na kuna waliomwita muuaji. Mmoja alikuwa amepiga hesabu ya uzito wa mti na urefu wa mkono, akathibitisha kwamba mwanamke wa umri ule hawezi. Mwingine akambishia kwa hesabu nyingine. Mmoja aliomba picha. Na mmoja, saa mbili tu zilizopita, alikuwa ameshaitaja nyumba ya wazee anakopika Renate.

Mchana huo mkuu wa nyumba alimwita ofisini. Alikuwa na huruma, alimpa kiti, alimpa maji. Alisema hakuna anayemlaumu, lakini kwa sasa ingefaa abaki jikoni, sinia zipelekwe na wengine. Bibi wa chumba cha kumi na mbili, ambaye Renate alimkatia nyama vipande vidogo kila siku kwa miaka minne, alikuwa ameomba supu yake iletwe na mtu mwingine.

Alifika nyumbani na aproni bado iko mwilini. Uli alikuwa mbele ya mashine, mkono wenye plasta ameulaza juu ya mto kama mtoto mchanga, wa kushoto unachapa.

"Ifute," Renate alisema.

Hakuuliza ni kitu gani. "Haifutiki. Wameshainakili."

"Kwa nini, Uli?"

"Walisema nimebuni. Walisema Kunguru hajawahi kukanyaga hapa, natafuta sifa. Miaka sita, Reni, sijawahi kuitwa mwongo nikanyamaza."

"Uliniambia niseme mbili."

"Kwa polisi. Wale ni serikali."

"Na hawa?"

Uli alilifikiria swali hilo kwa uaminifu kabisa, na hapo ndipo Renate alipokata tamaa.

"Hawa ni watu wangu," alisema.

Renate akavuta kiti, akaketi karibu naye. Akauchukua ule mkono wa plasta katikati ya viganja vyake viwili kama mtu anayempa mwenziwe pole, akavishika vidole vilivyochomoza mwishoni, vyekundu, vimevimba, na akavibana. Uli alifungua mdomo. Akazidi kubana. Alihisi kitu kikisogea ndani, kidogo, kama mbegu ndani ya tunda. Uli alisema jina lake, akalisema tena, akaanza kuomba kwa maneno ambayo Renate hakuwa ameyasikia tangu wachumbiane. Kilichomtisha ni kwamba hakuwa na hasira. Mkono ulifanya wenyewe, kama mkono unavyoijua swichi ya taa kwenye nyumba yako gizani.

"Renate." Mama Trude alikuwa mlangoni, ameshika fremu. "Mwachie, mwanangu. Mpumbavu huyo ni wangu, nilimzaa mimi, najua. Lakini mwachie."

Akamwachia. Uli aliteleza hadi sakafuni, akajikunja juu ya mkono wake. Renate alikwenda bafuni akatapika, na alipoinua uso alijiona kwenye kioo, kovu juu ya jicho, aproni, mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Alifunga virago jioni hiyohiyo. Alipokuwa anavua ufunguo wa nyumba kwenye pete ya funguo alimkuta Mama Trude kwenye korido, amevaa koti, sanduku dogo miguuni. Uli alitoka akamuuliza mama yake anakwenda wapi.

"Naenda na anayenipikia," bibi alisema. "Wewe kapikiwe na watu wako."

Barua ya mashtaka iliwakuta kwenye nyumba ya vyumba viwili waliyopanga ng'ambo ya reli. Mtu fulani, ambaye hawakumjua hata siku moja, alikuwa ameyachapa yale maandishi akayapeleka kwa mwendesha mashtaka.

Kesi ilisikilizwa Essen mwezi wa kumi. Böhnke aliletwa na dada yake Silke, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, na juu ya mapaja yake kompyuta bapa ya kumsaidia kusema: anagusa picha au herufi, mashine inamsemea. Kesi yake mwenyewe ilikuwa imeahirishwa mpaka aweze kujitetea. Nyuma kabisa walikaa vijana watatu ambao Renate hakuwafahamu, ila alipowaona wakimtazama Uli kama mtu mashuhuri, alijua ni watu wake.

Mwendesha mashtaka aliyasoma maandishi ya jukwaani kwa sauti kavu. Yalikuwa ndiyo ushahidi pekee wa pigo la tatu. Kisha Uli akaitwa. Jaji, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, alimweleza kwamba akiwa mume wa mshtakiwa sheria inamruhusu kunyamaza, na hakuna atakayemhesabia vibaya.

"Nitasema," Uli alisema.

Wakili wa Renate alifumba macho. Renate mwenyewe hakushangaa. Hajazaliwa wa kumfanya Uli anyamaze.

"Yale niliyoandika ni uongo," Uli alisema. Sauti yake ilikwama, akaisafisha. "Niliongopa. Mke wangu alipiga mara mbili, na yule bwana alikuwa amesimama, ana nyundo. La tatu nililibuni mimi. Walinitilia shaka, nikatia chumvi ili niaminiwe. Mimi ni mtu wa kupenda kuonekana, mheshimiwa. Muulizeni yeyote pale nyuma."

Mmoja wa wale vijana alicheka kwa pua, akatoa simu akaanza kuandika, karani akamkemea. Renate alimtazama mumewe. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya koti. Vidole viwili havikunyooka tena. Huyu ni mtu aliyekubali mkono usagwe mezani kuliko kutamka neno nimekosea. Sasa amesimama mbele ya waliomwogopa akajiita mwongo, na kabla ya jua kuzama Ngome atakuwa kichekesho cha watu elfu kumi na moja. Alikuwa hajampa zawadi kubwa kama hiyo katika miaka ishirini na sita ya ndoa. 

Jaji alimuuliza Renate kama ana la kuongeza. Wakili akamwekea mkono kwenye mkono wa gauni, akanong'ona kwamba imekwisha, kaa kimya.

Renate akasimama.

"Mara tatu," alisema. "La tatu alikuwa chini. Nilimwona yuko chini, nikampiga. Mume wangu anaongopa kwa ajili yangu, na namshukuru, lakini sitaki. Mkono ulikuwa wangu."

King'ora cha gari la zimamoto kikasikika mbali barabarani. Böhnke alikuwa amemkazia macho. Uso wake, ambao nusu yake haikusogea, haukumwambia Renate kitu. Jaji alimpa Uli nafasi ya kusahihisha maelezo yake kabla hayajamletea balaa, na Uli akayasahihisha kwa sauti ya mwanafunzi aliyekamatwa. Alasiri hukumu ikatoka: miezi kumi, kifungo cha nje.

Koridoni wote walijikuta wanasubiri lifti moja. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Renate alitafuta neno la kumwambia Silke, na kila alilolipata lilikuwa dogo kama punje. Hapo ndipo Böhnke alipoinua mkono wake mzima ghafla, na Renate akainama, mikono juu ya kichwa, kabla hajajua anafanya nini.

Böhnke alikuwa anabonyeza kitufe cha lifti.

Renate akajiinua polepole. Silke alikuwa ameona. Alikuwa na macho yaliyochoka, hayakuwa na uadui wala urafiki. Mlango ulipofunguka alisema, "Tangulieni nyie. Bibi asisimame sana." Lifti ilikuwa nyembamba, na Mama Trude alichukua nafasi na fimbo yake. Uli akabaki nje nao.

Chini walisubiri. Lifti ilishuka na watu wengine, ikapanda, ikashuka tupu. Dakika saba zikapita, zikawa kumi. Mama Trude aliketi kwenye benchi la mapokezi, akamwambia Renate apande akaangalie, kabla hawajauana tena.

Renate alipanda ngazi mbili mbili. Ghorofa ya tatu alizisikia sauti kabla ya kuona watu. Moja ilikuwa ya mashine, tambarare, inakatika neno kwa neno: "Kompyuta. Si. Yako. Mjinga. Wewe." Nyingine ilikuwa ya Uli.

"Sikusema ni yangu. Nakuuliza swali dogo tu. Kila unachogusa hapo kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni. Umewauliza wanakihifadhi wapi? Kila neno lako, bwana. Wanakusikia hata unapolia."

Renate aliwaona alipofika juu. Uli alikuwa amechutama mbele ya kiti cha magurudumu, mgongo wake mbovu umepinda, anasonta kioo kwa mkono uliovunjika. Böhnke alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alikuwa akitafuta herufi, anakosea, anafuta, anatafuta tena, mpaka akaisukuma ile kompyuta ikateleza mapajani. Mdomo wake ukafanya kazi peke yake, upande mmoja, mate yakimtoka.

"Wa... waache," Böhnke alisema. "Waache... wanisikie."

Uli alikuwa ameshafungua kinywa kujibu. Akakifunga, kisha akakifungua tena, na akaanza kueleza kwa nini hilo bado si jibu.

Renate alipiga hatua kuwaendea, lakini Silke, aliyekuwa kwenye benchi ukutani, aliinua kiganja kumzuia. Mashavu yake yalikuwa yamelowa.

"Usiwaachanishe," alisema. "Tangu mwezi wa tatu ndiyo mara ya kwanza anasema kitu akakimaliza."

Akalisogeza begi lake. Renate akaketi.